Siku Padri Hakushuka Ouani

Walisema sitavuka Ouani, penye uwanja wa ndege wa kisiwa chetu cha Nzuani. Walisema mtoto wa Kimalagasi aliyelelewa na bibi muuza mikate, asiye na shamba wala ukoo wa kumshika mkono, atamaliza maisha yake akibeba magunia bandarini Mutsamudu, na akibahatika sana atakuwa msimamizi wa wabeba magunia. Mwalimu wetu mmoja aliyasema hayo mbele ya darasa zima huku akitafuna karafuu. Basi nimevuka. Nimesoma Dar es Salaam, chuo cha ufundi, na diploma yangu ya umeme inaning'inia sebuleni kwangu Magoudjou, hapa Moroni, ndani ya fremu ya kioo, ili anayeingia asipate taabu ya kuuliza. Nyumba ina ghorofa mbili. Moroni nzima ikizimika, kwangu taa zinawaka, kwa sababu jenereta niliiunganisha kwa mikono yangu mwenyewe. Hata Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata huko huko bara, nikakinoa mpaka wenyewe wakaanza kuniuliza kama nimezaliwa Tanga au Pemba.

Nakueleza haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kukosa jibu. Ndiyo maana nilijishangaa juzi. Mpangaji wangu wa chini, kijana mhandisi kutoka Mbeya, alipanda jioni kunywa kahawa. Yeye ni Mmoraviani, na kwao ameposa binti Mkatoliki. Wazee wa pande mbili wameanza kununiana. Akaniuliza, "Mzee, wewe umesoma na umeona mengi. Hizi tofauti za mafundisho kati yetu Wakristo zina maana kweli, au ni kiburi tu cha wazee?"

Kabati langu lina vitabu vya mambo hayo, na nimevisoma, si kwamba nimevipanga. Ningeweza kumweleza kuhusu mkate na divai, maji na mafuta, mamlaka ya padri na mamlaka ya mzee wa kanisa, mpaka kahawa ipoe. Badala yake uso wangu ulipata moto. Nikainuka nikajifanya naangalia waya wa feni. Nilikuwa nimerudi Mutsamudu, uani kwa bibi yangu, mtoto wa miaka tisa au kumi, na watu wamekaa mikekani wakitutazama.

Ile ilikuwa miaka ya mwanzo wa uhuru. Wafaransa waliondoka kama watu wanaokimbia mvua, na walimu wao, na madaktari wao; padri wetu naye akahama mji. Serikali ya mapinduzi ikashika, vijana wa kamati wakawa ndio wakubwa wa mji, na majalada ya ofisini yakachomwa moto. Sisi watoto tulifurahi, maana shule ilifungwa mara kwa mara. Bibi hakufurahi. Aliamka alfajiri pamoja na adhana ya msikiti wa Ijumaa, akawasha moto wa vifuu, akamimina mikate yake katika vikaango viwili vya udongo. Unga ulikuwa umeadimika, akawa anauchanganya na muhogo. Mimi niliibeba mikate kichwani kwenye ungo, nikapita vichochoro vya mji wa kale ambamo watu wawili wanene hawawezi kupishana, mpaka chini mtoni ambako wanawake walifua na kununua. Kutoka milimani ilishuka harufu ya maua ya langilangi yanayochemshwa mitunguni kutoa mafuta, tamu mpaka inaumiza kichwa. Hadi leo nikiisikia harufu hiyo nasikia njaa.

Wakristo mjini tulikuwa wachache, karibu wote wenye asili ya Bukini, nchi ya Wamalagasi. Padri alipohamia Moroni, ufunguo wa kikanisa ulibaki kwa Bibi. Kila Jumamosi alifagia, akapangusa vumbi la sanamu ya Mama Maria kwa pindo la shiromani yake, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Nzuani. Jumapili tulisali rozari, watu wanane au kumi, kisha tukarudi nyumbani. Misa ilikuwa mpaka padri apate nafasi kwenye ndege ndogo kutoka Moroni.

Mama mdogo, binti wa mwisho wa Bibi, ndiye aliyekuwa akinipeleka Moroni wakati wa likizo kumwona baba yangu aliyefanya kazi huko. Na Moroni ndiko nilikouona Ukristo wa aina ya pili. Nyuma ya soko la Volo Volo aliishi fundi cherehani, mzee Mmalagasi Mprotestanti, jirani wa baba. Jumapili cherehani zilisukumwa ukutani, mabaki ya vitambaa yakafagiliwa chini ya meza, na sebule ikawa kanisa. Yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa. Waliimba kwa sauti nne bila kinanda, mpaka vijiti vya uzi vikatikisika mezani. Baadaye tulipewa kahawa yenye sukari nyingi. Hapakuwa na sanamu wala mshumaa. Hata jina la Bwana walilitamka kwa namna yao: sisi kwa Kimalagasi tulisema Jesoa, wao Jesosi. Nilimwuliza mama mdogo kama ni ndugu. Akacheka, akasema, "Nyamaza, usimwambie Bibi kwamba umeuliza."

Alikuwa na sababu ya kucheka. Fundi alikuwa na mtoto wa kiume, kijana mrefu mwenye aibu, anayeshona vifungo huku akiimba besi. Likizo mbili zilipita, na ya tatu barua ya posa ikafika Mutsamudu.

Bibi alilia siku nzima. Kisha akahesabu vijana wa Kikristo waliobaki katika visiwa, akafuta machozi. Padri aliandika kutoka Moroni kwamba ndoa inawezekana: kijana aahidi kwamba watoto watabatizwa Kikatoliki, na padri mwenyewe atakuja kuifunga. Kijana aliahidi. Baba yake alinung'unika, lakini alikubali. Siku ikapangwa.

Sasa nataka ujue bibi yangu alikuwa mtu wa namna gani, maana utamchukia bure. Kwa majirani zetu Waislamu hakuwa na mpaka. Ramadhani hakupika mchana, ili harufu isiwasumbue waliofunga. Nguruwe hakuingia uani kwetu hata siku moja, wala divai. Akitaka kuchinja hata kuku, alimwita mume wa jirani achinje kwa kisomo chake, ili nyama ile aweze kuila kila mtu. Mtu alipomwuliza kama si dhambi, alisema, "Mungu atakasirika kwa sababu jirani yangu ameshiba?"

Na majirani walimlipa wema huo katika wakati mgumu. Miezi michache kabla ya harusi ndipo zilipofika habari za Majunga. Unajua yaliyowapata Wakomori kule Bukini: walishambuliwa na kuuawa, na waliopona wakarudishwa visiwani kwa meli na ndege, mikono mitupu. Kaka wa jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alirudi mkono wake wa kulia umekatwa mishipa, haufungi wala haufunguki. Kwa majuma kadhaa sisi wenye asili ya Bukini tulitembea mji ule tukitazama chini. Bibi aliacha kabisa kusema Kimalagasi njiani. Siku moja yule jirani mwenyewe aligonga mlango, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akasema, "Koko, mbona siku hizi huniletei mkate? Au na mimi nimekukosea?" Koko ndivyo kule wanavyomwita bibi. Bibi alimshika mikono, wote wawili wakalia mlangoni, na mimi nikaambiwa nikachote maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Kwa hiyo harusi ilipokaribia, mtaa mzima ulitukopesha. Jirani alileta sufuria yake kubwa ya shaba, ile ya kupikia pilau ya ndoa za watoto wake. Nyumba ya pili ilileta mikeka, ya tatu masinia na birika za kunawia, ya nne sahani zenye maua ambazo hazijawahi kutoka kabatini. Mume wa jirani alichinja mbuzi. Kabla hajachinjwa, vijana wa kamati walikuja kuhakikisha hatufanyi anasa, maana harusi kubwa zilikatazwa. Walimtazama mbuzi wetu, mmoja akasema, "Huyu si anasa, huyu ni mgonjwa," wakaondoka wakicheka na kuahidi kurudi kula.

Mzee wa kanisa na mwanawe waliwasili siku moja kabla, kwa boti, wamelowa na chumvi. Padri alikuwa aje asubuhi ya siku yenyewe kwa ndege. Bwana harusi mwenyewe alikwenda kumpokea Ouani, amevaa suti aliyoishona kwa mikono yake. Tulimngoja. Pilau ilitolewa motoni ikafunikwa. Wageni walinawa wakakaa mikekani, wanaume huku, wanawake kule. Adhuhuri ilipita. Ndipo bwana harusi alipoingia uani peke yake, suti imejaa vumbi jekundu. Alisema ndege haikuja. Hakuna mafuta Moroni, na uwanjani hakuna anayejua itakuja lini.

Wageni wenye njaa walitazama sufuria iliyofunikwa. Kisha mzee wa kanisa akasimama, akatoa Biblia kwenye mfuko wa koti.

"Si neno," alisema kwa upole kabisa. "Kijana yupo, binti yupo, mashahidi wapo. Mungu hasubiri mafuta ya ndege. Nitawabariki mimi, kesho tuondoke na boti."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Hakuinuka. "Ndoa ni sakramenti, mkwe wangu. Inafungwa mbele ya padri. Wewe ni fundi cherehani."

"Na Petro alikuwa mvuvi."

Watu walicheka, hata wasiomjua Petro. Nadhani kama Bibi naye angecheka, mambo yangekwisha pale.

"Petro aliwekewa mikono na Bwana," alisema. "Wewe umewekewa na nani? Na cherehani?"

"Nimewekewa na kanisa langu."

"Kanisa la sebuleni."

Niliuona uso wa yule mzee ukibadilika. Alikuwa mtu aliyeimba kwa macho yaliyofumbwa. Sasa aliyafumbua. "La sebuleni, ndiyo," alisema, "lakini hatupangusi vumbi la masanamu. Na kama nikisubiri padri wako, nitakuwa nimekiri mbele ya watu wote hawa kwamba sala zangu za miaka yote ni kelele. Sisubiri."

"Na mimi binti yangu hatalala na mtu bila sakramenti. Akifanya hivyo ni hawara."

Alilisema neno hilo kwa lugha ya Nzuani, kwa hasira, ili kila mtu aelewe. Kila mtu alielewa. Wanawake walioshika masinia waliyaweka chini polepole. Mume wa jirani, aliyekuwa amechinja mbuzi wetu, alijaribu kusaidia. Alisema kwao kadhi wa mji akisafiri, mwingine mwenye elimu huozesha, na ndoa ni ndoa. "Ninyi si watu wa kitabu kimoja?" aliuliza, akimtazama mmoja kisha mwingine. Waliendelea, sasa kwa Kimalagasi, wakidhani wamejificha, lakini nusu ya wageni walikuwa wamewahi kuishi Bukini na walisikia yote: nani alichoma watakatifu, nani aliuza msamaha, ubatizo wa nani ni maji ya kunawia.

Kaka wa jirani alikuwa amekaa karibu yangu, mkono wake mbovu umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Alisema bila kupaza sauti, kama anayezungumza na sinia lililo mbele yake, "Kule Majunga hakuna aliyeniuliza niko tarika gani, naswali nyuma ya shehe yupi."

Alisikika. Bibi alijitanda upya shiromani yake. Mzee wa kanisa alifunga Biblia. Ndipo mama mdogo alipotoka chumbani amevaa shela, mikono ina hina waliyomchora majirani. Hakumtazama mama yake. Alimtazama bwana harusi.

"Mimi nimekubali padri, na nimekubali baraka ya mzee," alisema. "Kusubiri nimekubali. Leo nimekubali. Sema wewe, tutafanya unalosema."

Kijana alimtazama baba yake. Alitazama Biblia mkononi mwa baba yake, kisha viatu vyake vyenye vumbi. Besi nzuri kama ile, na siku hiyo haikutoka hata noti moja.

Mama mdogo alingoja muda ambao mtu anaweza kungoja bila kudhalilika, na kidogo zaidi. Kisha alivua shela, akaikunja vizuri, akampa Bibi aishike. Akaingia jikoni, akarudi na upawa, akafunua sufuria na kuanza kuwapakulia wageni wake mwenyewe. Bibi harusi, na hina yake, anainama mbele ya kila sinia: karibuni, kuleni, msiache kipoe. Na walikula. Wale watu walikula pilau ile yote bila neno, wakaisifu chumvi, wakaisifu nazi kwenye mataba, ile mboga ya majani ya muhogo. Yule kaka alikula kwa mkono wa kushoto, na alipomaliza akamwambia mama mdogo, "Alhamdulillahi, dada, umetukirimu." Sijawahi kuona heshima inayouma namna ile.

Boti iliondoka asubuhi na wanaume wawili. Padri alifika siku kadhaa baadaye, alipopatikana mafuta, akakuta kikanisa kimefagiliwa na hakuna wa kufungishwa ndoa. Kijana alikwenda Reunion, nikasikia alioa huko. Mama mdogo alishona, alilea watoto wa wengine, nikiwemo mimi. Senti zake za kushona ndizo zilizonipeleka chuoni, na siku nilipoleta diploma aliishika kwa ncha za vidole asiichafue. Alisali mpaka mwisho wa maisha yake, lakini hakusali tena mahali ambapo Bibi angeweza kumsikia.

Nilimjibu mpangaji wangu hatimaye. Nilimwambia tofauti zina maana. Sitasema uongo kwamba bibi yangu alibishana juu ya kitu cha bure. Aliamini sakramenti kama anavyoamini kwamba moto unaunguza. Na yule fundi aliamini kwamba Mungu aliye Moroni yuko Mutsamudu bila tiketi, naye hakuwa mpumbavu. Nimesoma hoja za wote wawili na bado sijui nimpe nani ushindi. Lakini yote waliyoyajua kuhusu kumvumilia mtu mwenye imani nyingine, na Bibi aliyajua kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, waliyatumia kwa majirani. Walipogeukiana wao kwa wao hayakuwepo. Nikamwambia kijana apande ndege aende Mbeya akaongee mwenyewe, kwa mdomo wake, asimtazame mtu.

Uani ule haupo tena. Pamejengwa duka la simu. Vikaango vya udongo sivioni, cherehani za Volo Volo sasa zinaendeshwa na umeme, na wa sala za sebuleni wote wamelala makaburini au wako ng'ambo. Nikipita Mutsamudu siku hizi watu hunisimamisha kunipa heshima ya fundi mkuu, na wazee wawili watatu hunitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Hawasemi kitu, na mimi huondoka haraka.

Kwa sababu wazee hao ndio tuliowarudishia vyombo. Ilikuwa kesho yake, boti ikiwa bado inaonekana. Kule chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo Bibi aligawa kilichobaki: nyama kidogo, wali, vipande vya mkate wa sukari uliokuwa wa bwana harusi. Tulitoka watatu, Bibi mbele, mama mdogo, na mimi na mikeka kichwani. Tulipita mlango kwa mlango. Kila mahali Bibi alianza kusema samahani, na kila mahali walimkata: ameamkaje, miguu haimsumbui, mvua itanyesha leo? Hakuna nyumba iliyomruhusu amalize sentensi.

Jirani alipokea sufuria yake mlangoni. Bibi alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikawa kama mpya. Yule mwanamke aliishika masikio yote mawili, akamtazama mama mdogo, hina bado imekolea.

"Padri akija mtaniambia, Koko?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitaileta mwenyewe. Hamna haja ya kuja kuazima."

"Tutakuambia, mwanangu," Bibi alisema.

Mama mdogo alishukuru. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, tukapita nyumba zote zile, na hapakuwa na hata moja iliyokuwa ikitudai.